Sanamu Ikiamka, Ibaki Sanamu

Katuni ambamo adui anazipa uhai sanamu za makumbusho, kisha kikosi cha mashujaa kinakwenda kuzizima, huharibika mahali pamoja: sanamu ikishaamka tu, inakimbia kama mtu aliyepakwa rangi ya kijivu. Uzito umetoweka, na mtoto anayetazama haogopi tena.

Tuchukue hatua moja ya sanamu ya zege. Kwenye picha 24 kwa sekunde, mtu wa kawaida hupiga hatua kwa picha 12. Sanamu yenye kimo mara 4 ya mtu ipewe 24, maana muda wa kitu kubembea au kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha urefu wake. Picha 10 mwili uegemee mguu mmoja, 10 mguu mwingine unyanyuke, 4 ushuke. Ukitua, tikisa mandhari yote kwa picha 3, ndipo vumbi lipande. Wengi huzigawa hizo 24 sawasawa, na sanamu inaelea kama puto.

Halafu mali yenyewe. Zege huvumilia kugandamizwa lakini hupasuka likivutwa, hivyo goti likikunjwa ufa uanzie mbele na nondo zichungulie. Mti hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Shaba nyeusi ya kumimina mara nyingi ni tupu ndani. Ikipigwa ngumi, ilie kama kengele.

Kampala inatupa mtihani mzuri zaidi: Sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba, ya mwaka 1962. Ni mama: mwili umezongwa vitambaa, mikono imemwinua mtoto. Kumpa mbio huyo ni uvivu wa mchoraji. Ajivute kwa kuyumba, upande huu na huu, mikono isishuke kamwe. Shujaa gani atampiga mama aliyebeba mtoto? Hapo kikosi kinalazimika kufikiri, na pambano linanoga.

Na tafadhali, waandishi wa hadithi, msikiweke kile kichwa cha Luzira, sanamu ya kale ya udongo, kwenye kabati la Makumbusho ya Uganda pale Kitante. Kilichimbuliwa Luzira mwaka 1929, na kipo British Museum, London. Ukweli huo una hadithi kubwa kuliko ya kubuni: adui akikiamsha, kitataka kurudi kwao. Ni udongo wa kuchoma, haupindi hata kidogo, unavunjika vigae. Kazi ya mashujaa iwe kukidaka, na anayekidaka avue kwanza glavu zake za chuma.