Uongozi wa kujitolea katika chama cha rasilimali watu: saa hizo ni za nani?

Afisa wa rasilimali watu nchini Kenya anapoombwa awe katibu au mweka hazina wa tawi la chama chake, ombi huja limevikwa heshima, na ni nadra anayeomba kutaja saa ambazo kazi hiyo itakula. Binafsi naona inafaa kukubaliwa, ila si kwa sababu zinazotajwa sana.

Husemwa kwamba mtu atajuana na wakubwa na kunenepesha wasifu wake. Hayo huyapata hata anayehudhuria makongamano tu. Faida yenyewe iko kwingine. Ofisini, meneja husikilizwa kwa sababu, pamoja na mengine, ndiye anayeidhinisha likizo na kutunza majalada ya nidhamu. Kwenye kamati ya tawi hana fimbo hiyo: mwenzake aliyeahidi kutafuta ukumbi asipoutafuta, hakuna barua ya onyo ya kumwandikia. Hubaki kumbembeleza, kumpunguzia mzigo au kuutafuta ukumbi mwenyewe Ijumaa jioni, na hapo ndipo hujua kama watu walikuwa wakimfuata yeye au cheo chake.

Gharama, hata hivyo, si ndogo, tena haimwangukii kila mtu sawa. Makato ya kodi ya mishahara, NSSF na bima ya afya ya jamii huwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kamati ikiitishwa tarehe 8, meneja wa benki kubwa humwachia msaidizi kazi hiyo, na msaidizi hulipia moyo wa kujitolea ambao si wake. Afisa wa kiwanda kidogo, ambaye peke yake ndiye idara nzima, hutuma udhuru. Baada ya miaka michache kamati hujaa watu wa mashirika makubwa, kisha tunashangaa kwa nini mafunzo hayamgusi mwajiri mwenye vibarua 30.

Lililo zito zaidi ni madaraka. SHRM, chama cha wataalamu wa rasilimali watu cha Marekani, kina matawi zaidi ya 500 yanayoendeshwa na wanachama wa kujitolea, lakini huko mtu hahitaji leseni ili afanye kazi ya rasilimali watu. Kenya ni tofauti: Sheria Na. 52 ya 2012 iliipa IHRM, taasisi ya wataalamu hao, mamlaka ya kusajili, kutoa vyeti vya kuhudumu na kuadhibu. Anayeketi kusikiliza shauri la nidhamu ameshika mkate wa mwenzake, pengine mshindani wake wa kibiashara, na neno “kujitolea” haliwezi kuwa kisingizio cha kuchelewesha shauri hilo.

Kwa hiyo nafasi za tawi ziachwe wazi kwa yeyote mwenye moyo, lakini viti vya nidhamu na mafunzo wapewe waliotangaza maslahi yao na ambao mwajiri amewakubalia saa hizo kwa maandishi. Najua sharti hili laweza kumfungia nje yule yule wa kiwanda kidogo, maana bosi wake hatatia saini kwa urahisi. Lakini vikao vikisogezwa katikati ya mwezi, baada ya tarehe 9 na kabla mishahara haijaanza kuandaliwa, atakuwa na hoja ya kumpelekea bosi huyo.