Walimu wa UPE: tatizo halikuwa darasa la saba

Ukianza mjadala wowote kuhusu elimu Tanzania, haupiti muda walimu wa UPE (Universal Primary Education), mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya 1970, hawajatajwa, na mara nyingi kwa kejeli. Walimaliza darasa la saba, wakapewa chaki, wakaambiwa wafundishe. Watani waliigeuza hata UPE yenyewe kuwa “Ualimu Pasipo Elimu”. Walipokuja wale wa miaka ya 2000, waliopigwa msasa wiki chache na kupelekwa shule za kata, wakabandikwa jina la vodafasta, na wote wakatiwa kapu moja. Mimi sioni kama wanastahili kapu moja.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Novemba 1974 TANU, chama tawala wakati huo, ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangiwa 1989, ifikiwe 1977. Wanafunzi wa shule za msingi wakati huo walikuwa kama milioni 1.2, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamezidi milioni 3. Vyuo vya ualimu vya Mpwapwa, Butimba, Marangu, Korogwe na vingine vyote, hata vingelaza wanachuo kwenye korido, visingetoa walimu wa kutosha. Wahitimu wa kidato cha nne nao walikuwa wachache, wakigombaniwa na wizara, mabenki na mashirika ya umma. Nani angeacha kazi ya ofisini Dar es Salaam akapange chumba kijijini Liwale?

Kwa hiyo serikali ikaamua kumsomesha mwalimu hukohuko kijijini. Kuanzia 1976 vijana zaidi ya 45,000, wengi wao wa darasa la saba, waliandikishwa kusomea ualimu kwa njia ya posta na redio, na zaidi ya 35,000 kati yao walifuzu. Mafunzo yalichukua miaka mitatu. Mwanafunzi huyo wa ualimu alifundisha madarasa ya chini sehemu ya siku chini ya uangalizi wa mwalimu mwenye cheti, kisha akakaa na vijitabu vyake na kufanya mazoezi ya kusahihishwa. Palikuwa na vipindi vya redio, palikuwa na wakufunzi wa kuzunguka shuleni, na mwishoni wiki kadhaa chuoni kabla ya mtihani.

Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Kijijini mambo yalikuwa mengine. Redio ilihitaji betri, na duka la ushirika halikuwa nazo kila mara. Vijitabu vilisubiri gari, na gari lilisubiri mvua ikatike. Mkufunzi wa kuzunguka alikuwa na shule nyingi na usafiri wa kubahatisha. Saa ile ya mchana aliyotakiwa kusoma, kijana huyo alikuwa na shamba la shule la kusimamia, maana Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imeshika kasi. Jioni akaitwa kwenye kisomo cha watu wazima. Na kwa kuwa anajua kuandika vizuri, mikutano ya kijiji nayo ikamtaka aandike muhtasari. Kujisomea kulibaki usiku, kwa koroboi.

Wakosoaji wana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Huwezi kufundisha usichokuwa nacho. Aliyesoma Kiingereza miaka michache tu, tena akafundishwa na mtu asiyekimudu, atawarithisha watoto vilevile, na hisabati ni hivyohivyo. Zaidi ya hapo kuna suala la haki. Shule za mjini zilipata walimu wa Daraja A, cheti cha juu cha ualimu wa msingi, kwa urahisi kuliko za vijijini. Mtoto wa mkulima, aliyemhitaji mwalimu bora kuliko wote kwa sababu nyumbani hakuna kitabu, ndiye aliyepewa mwalimu aliyeandaliwa haraka.

Manung’uniko haya yana historia ndefu. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni Kenya ilianzisha Shule ya Jeanes pale Kabete, kuwaandaa walimu, pamoja na wake zao, wa kuzungukia shule za vijijini na kufundisha pia kilimo, afya na utunzaji wa nyumba. Wazo la mwalimu anayezunguka lilikuwa zuri. Lakini Waafrika wengi walihisi wanatengenezewa elimu ya daraja la pili, ya kuwabakiza shambani. Mwaka 1939 chuo cha walimu cha Waafrika wenyewe kilifunguliwa Githunguri chini ya Peter Mbiyu Koinange, kikiwa na shabaha ya elimu kamili isiyopunguzwa. Serikali ikakifunga 1952, wakati wa Hali ya Hatari. Kabete na Githunguri hazikuwa mbali, na ubishi wao haujatulia mpaka leo.

Hata hivyo, wanaowatetea walimu wa UPE nao hawasemi ovyo. Mwalimu aliyechaguliwa na kijiji chake alikuwa na nyumba, shamba na ndugu palepale, na alijua mtoto gani hafiki shule kwa sababu ya ng’ombe. Wa kutoka mbali alikuwa anaandika barua za uhamisho. Na walipolinganishwa kwa kuwapima, katika utafiti wa Mählck na Temu uliochapishwa 1989, pengo kati ya waliosomea kazini na waliosomea chuoni halikuwa kubwa kama kejeli zinavyodai.

Kwangu mimi kosa kubwa lilikuja baada ya cheti. Mafunzo yalipokwisha, mkufunzi aliacha kuja, vijitabu vikakoma, na uchumi wa miaka ya 1980 ukamaliza kilichobaki. Kijana wa miaka 19 aliachwa na ujuzi uleule mpaka nywele zikawa na mvi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilipotaka mwalimu awe na kidato cha nne na Daraja A, wengi wao waliambiwa wajiendeleze, wakiwa na familia na madeni, karibu miaka 20 baadaye.

Vodafasta hawakupata hata kile kidogo cha UPE: miaka mitatu ya kusoma huku unafundisha. Walikuwa na kidato cha sita, ndiyo, lakini mbinu za kufundisha walijifunzia kwa watoto wa watu. Chini ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, mwanachuo alikaa mwaka mmoja chuoni na mwingine shuleni. Hilo lilikuwa na mantiki, mradi shule aliyopelekwa iwe na mwalimu mzoefu wa kumshika mkono, lakini huko pembezoni mwalimu aliyekuwapo alikuwa na madarasa yake yanayomshinda.

Sasa tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wa shule wanakaa pamoja na kujadili mada inayowashinda. Nayaunga mkono kuliko semina za hotelini. Ila yamejengwa juu ya shule yenye walimu wa kutosha kukaa pamoja. Kwenye shule ya walimu wawili na mmoja wa kujitolea, wakikaa kujadili, madarasa yanabaki na nani? Afisa Elimu Kata alipewa pikipiki ili afike huko. Mafuta ya pikipiki hiyo ndiyo ningependa kuyaona kwenye bajeti ya halmashauri, kwenye mstari wake wenyewe.