Msiihukumu dawa ya usingizi kwa jina lake

Mgonjwa mwenye figo dhaifu akiandaliwa kwa upasuaji, ndugu huuliza: hiyo nusu kaputi ya kuvuta haitamuua figo? Wasiwasi wao una sababu. Ila jina la dawa peke yake halitoshi kujibu. Inabidi tujue anavuta kiasi gani na kwa muda gani.

Methoksiflureni, mojawapo ya dawa za usingizi za kuvuta, ilianza kutumika mwaka 1960 ikapendwa sana, maana haikulipuka na ilituliza maumivu hata mgonjwa akishaamka. Mwaka 1966 madaktari wa Marekani wakatoa taarifa ya kutisha. Wagonjwa waliotoka mezani salama walikojoa lita kwa lita za mkojo mweupe kama maji, kiu haikatiki, sodiamu inapanda kwenye damu. Figo zilishindwa kubana maji. Watafiti Cousins na Mazze wakaipima dawa hiyo dozi kwa dozi. Matokeo yao ya 1973 yalionyesha kwamba waliovuta kipimo cha kawaida cha usingizi kwa saa mbili au chini hawakuumia figo. Kuanzia saa mbili na nusu kasoro ndogo zilionekana kwenye vipimo vya maabara, na kwa saa saba na zaidi mgonjwa aliugua waziwazi. Aliyeumiza ni floraidi, inayobaki mwili ukiivunja dawa.

Dawa hiyo hiyo leo imo kwenye ambulansi za Australia. Mililita 3 humiminwa kwenye kifaa cha plastiki kinachoitwa filimbi ya kijani, na aliyevunjika mguu anakishika mwenyewe na kuvuta maumivu yakizidi. Mwisho ni mililita 6 kwa siku, na mwenye ugonjwa wa figo hapewi kabisa. Huo ndio uangalifu ninaoutaka.

Kwa sevoflureni, dawa nyingine ya usingizi ya kuvuta, woga umepita kiasi. Floraidi yake huweza kuvuka mikromoli 50 kwa lita ya damu, kiwango kilichoogopwa tangu enzi za methoksiflureni, lakini figo hazidhuriki vile. Sevoflureni hutoka haraka kwa pumzi, na sehemu ndogo inayovunjwa huvunjwa zaidi kwenye ini. Methoksiflureni hujificha kwenye mafuta kwa siku kadhaa na kuvunjwa pia ndani ya figo zenyewe. Yakaja pia maonyo ya kutopunguza mno mtiririko wa gesi, kwa sababu ya sumu iliyoharibu figo za panya, inayotokea sevoflureni ikigusana na chokaa inayonyonya kaboni dioksidi kwenye mashine ya usingizi. Kwa binadamu madhara hayo hayakuonekana, na chokaa za kisasa zisizo na alkali kali hutengeneza sumu hiyo kidogo mno. Kuendelea kumwaga gesi ya bei ghali hewani kwa hofu hiyo naona ni hasara tupu.

Kinachoziponza figo chumba cha upasuaji mara nyingi ni presha kushuka, damu kupotea, mwili kukauka na dawa ya maumivu diklofenaki kuchomwa kwa mazoea. Ndugu wa mgonjwa, ulizeni hayo: presha italindwaje, damu ipo akiba, na atatulizwa maumivu kwa dawa gani.