Tupa moja haiingii kila mnyororo jamani

Hapa Mafinga kila mtu fundi wa chensoo, ile mashine ya kukatia miti. Muuza chai fundi, bodaboda fundi, shemeji yangu ndo usiseme kabisa, huyo anaazima mashine Ijumaa "nakata mti mmoja tu shem", inarudi Jumatatu mnyororo haukati hata mgomba, ukimuuliza anasema mti ulikuwa mgumu. Paina huo! Kakata kisiki mpaka kaingia kwenye udongo, meno yote yamekula mchanga, anaisingizia paina ya watu.

Haya naenda dukani, nataka tupa ya duara ya milimita 5.5 maana mnyororo wangu ni saizi ya 404, ile mikubwa, kijana ananipa ya 4, "chukua hii mzee inaingia zote". Inaingia ndiyo, hata mswaki si unaingia! Ya 4 ni ya vile vimashine vidogo vya kukatia matawi, ukiileta kwenye 404 inachimba chini ya jino, ncha inabaki nyembamba, inakata vizuri dakika mbili tatu alafu kwisha habari.

Fundi niliyempelekea yeye katoa tupa ya pembe tatu, ile ya kunolea msumeno wa mkono, anasugua mbele nyuma mbele nyuma na kapiga mluzi juu. Wee, tupa inakata ikienda mbele, kurudi unainyanyua! Na meno ya kulia kayapitishia mara mbili, ya kushoto mpaka alipochoka, sasa mashine inakata kona, mi naielekeza chini yenyewe inakwenda Iringa. Nikamwambia napasua mbao kwa hiyo pembe ya jino niwekee digrii 10, 30 ni ya kukatia gogo vipande, ananijibu mzee hii sio hesabu za form two.

Bado wale wajuaji wa kile kinundu cha mbele ya jino. Kinatakiwa kiwe chini ya ncha kama milimita 0.8 tu kwa 404, wao wanakwambia kishushe sana ndo inakula. Inakula kweli, inang'ang'ania gogo mpaka mabega yanataka kung'oka.

Tupa ya 5.5 nilikuja kuipata nikaifunga kwenye gazeti nikaiweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja, nyumba nzima nikawaambia hii isiguswe. Juzi naikuta imechomekwa mlango wa banda la kuku, eti komeo lilipotea.