Je, Aliyekombolewa Amekuwa Jiwe?

Katika karne ya 12 mshairi wa Kihindi Shriharsha, mfuasi wa Advaita (falsafa ya Kihindu isemayo nafsi na uhalisia mkuu ni kitu kimoja), aliwapiga wanafalsafa wa Nyaya, shule ya Kihindu ya mantiki, kijembe ambacho hakijawatoka hadi leo. Nyaya walifundisha kwamba aliyefikia moksha, yaani kukombolewa kutoka mzunguko wa kuzaliwa upya, hana maumivu, hana raha, wala hana fahamu. Kwa kinywa cha mhusika wa utenzi wake, Shriharsha akalichezea jina la mwasisi wao, Gotama, ambalo kwa Kisanskriti laweza kusikika kama "ng'ombe kuliko ng'ombe wote". Nani atahangaika umri mzima ili awe jiwe?

Kijembe kitamu. Ila wanaocheka mara chache huitazama hesabu ya Uddyotakara, mwanafalsafa wa Nyaya. Alitaja aina 21 za maumivu: mwili, hisi sita (akili ikiwamo), vitu sita vinavyohisiwa, utambuzi wa aina sita, kisha raha, kisha maumivu yenyewe. Hiyo ya ishirini hunirudia kila mara. Raha imefikaje humo? Si kwamba mzee huyu hakujua ladha ya embe. Raha tunayoijua huja na mwili, na mwili huja na njaa, uzee na kuzaliwa upya. Vatsyayana, mwana-Nyaya aliyemtangulia, aliifananisha raha hiyo na chakula kilichochanganywa asali na sumu; huwezi kulamba asali ukaiacha sumu.

Advaita wana hoja yao: Upanishadi, maandiko matakatifu ya Kihindu, zinasema wazi kwamba Brahman, uhalisia mkuu, ni raha. Nyaya hujibu kwamba hapo "raha" maana yake ni maumivu kuondoka, kama hamali anayetua mzigo na kusema, "Ah, raha!" Nakiri wanayavuta maneno. Hata Bhasarvajna wa Kashmir, mwenzao wa karne ya 10, hakuridhika, akairudisha raha ndani ya moksha.

Kuhusu fahamu, kwa Nyaya nafsi haifi. Fahamu ni sifa inayozuka nafsi ikiwa na mwili na akili, na katika usingizi mzito hutoweka kila usiku bila mtu kulia msiba.

Lakini hoja yao nzito ni ya tamaa. Anayeitafuta moksha kwa kuitamani raha ya milele bado amefungwa, kwa kuwa tamaa ndiyo kamba yenyewe. Basi aiache. Na akishaiacha, anasema Vatsyayana, raha hiyo iwepo au isiwepo, kukombolewa kwake hakuna shaka.