Sisilia Kafungwa

Jamani, mtoto wa darasa la tano kanifunga sataranji jana jioni pale Mkunguni, mbele ya wazee wote wa bao. Alipomaliza akakusanya kete zake, akaniambia, "Shikamoo, ami." Kufungwa nimezoea. Ile shikamoo ndiyo iliyoniuma.

Maana mimi nina elimu. Miezi mitatu nasoma funguzi za sataranji, yaani zile hatua za mwanzo wa mchezo, tena si kwa kubahatisha: nasoma kwa kura. Wataalamu wamezipanga zote kwa namba, A00 mpaka E99, jumla 500. Nikakata vipande 500 vya daftari la mwanangu, kila kimoja namba na jina, nikavitia kwenye kopo la biskuti. Kila baada ya isha nafumba macho, nachomoa kimoja, nakikariri mpaka stima ikatike. Siku ya kwanza alitoka Ruy López, padri wa Kihispania aliyeandika kitabu chake 1561. Ya pili ulinzi wa Petrov. Ya tatu A00, jalala la funguzi za vichaa, ukiwemo wa Orangutani, aliouchezea bwana Tartakower, gwiji wa sataranji, New York 1924 baada ya kwenda kutazama nyani.

Sasa kopo. Kopo lile ni la mke wangu, la sindano na nyuzi. Na B20 mpaka B99 zote ni ulinzi wa Sisilia. Piga hesabu mwenyewe: karatasi 80 zenye jina moja la kike, kwa mwandiko wangu.

"Baba Saidi, Sisilia ni nani?"

"Ni ulinzi."

"Analinda wapi?"

"Si mtu! Ni kisiwa, kiko Italia."

"Ahaa. Mtaliana! Ndiyo maana safari za Malindi haziishi."

Akamwaga kopo kwenye ungo, akaanza kuchambua kama mchele.

"Sisilia, Najdorf. Huyu ndiye mumewe?"

"Mchezaji tu."

"Mchezaji! Na Sveshnikov?"

"Mrusi."

"Na Taimanov?"

"Mrusi pia."

"Subhanallah. Wanaume watatu, na wewe wa nne!" Akaokota B23. Akaisoma mara mbili, sauti ikashuka. "Sisilia... iliyofungwa. Kafungwa? Kwa kosa gani?"

Mama mkwe akaitwa kutoka Langoni. Akaja na buibui lake, akakaa, akasema nieleze polepole. Nikaeleza. Mweupe anasogeza askari wa mfalme hatua mbili, mweusi anajibu kwa askari aliye mbele ya askofu, upande wa malkia. Mama akanitazama kwa huruma kama mgonjwa wa homa.

"Askari nimemwona," akasema. "Askofu nimemwona. Yeye Sisilia yuko chumba gani?"

Basi baada ya fedheha yote hiyo, si ningepata faida? Zile 80 zote zinataka kitu kimoja tu, mweupe aanze na askari wa mfalme. Mtoto jana akaanza na askari wa malkia! Dawa yake nyingi iko huko kwenye D na E, na hiyo niliyoihitaji kura haijanitolea. Nifanyeje, nimwambie asubiri nikachomoe nyumbani? Kura moja kwa siku, mpaka nimalize 500 ni mwaka na miezi minne na zaidi, na ya juzi nishaisahau! Yule mtoto nilimuuliza anasoma wapi funguzi. Akasema funguzi ndiyo nini.

Wazee wa bao walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa, kisha wakataka mimi niilipe.

Mama mkwe sasa kila Ijumaa anauliza kama Sisilia ameshatoka. Na kanzu yangu ya Ijumaa yenyewe haina kifungo cha shingoni, nyuzi nilizimwaga sijui wapi siku ile, na kuuliza siwezi. Fundi naye anasema nije keshokutwa, keshokutwa yake ya tangu mfungo mosi, na ukifika dukani unakuta punda kafungwa mlangoni, kuingia huwezi, kumsogeza hasogei...