Kubomoa ghorofa: hanesi bila mpango haimsaidii fundi

Kuna ubishi hauishi kwenye kazi za kubomoa. Makontrakta wengine wanasema mpe kila mtu hanesi, ile mikanda ya mwili mzima, kazi iendelee, mafundi wengine wanakataa kabisa, wanasema ni kumfunga mtu kwenye kitu kinachoanguka, bora awe huru akimbie.

Hawa wanaokataa wanaonekana wabishi tu ila hoja yao ina uzito. Jengo linalobomolewa linazidi kulegea kila saa, bimu uliyofungia kamba ya hanesi asubuhi, mchana mwenzio keshaipiga nyundo upande wa pili. Marekani wanataka pa kufungia pahimili paundi 5,000 kwa kila mtu, yaani zaidi ya kilo 2,200, au pawe pamepigiwa hesabu na mtaalamu. Sasa nondo iliyochomoza kwenye zege lililopasuka nani kaipima?

Halafu mnabomoa kuanzia juu, kichwani hamna kitu cha kufungia zaidi ya mawingu, kwahiyo kamba inafungwa chini miguuni. Piga hesabu: kamba mita 1.8, ile pakiti ya kupunguza mshtuko ikifunguka inaongeza kama mita 1, kutoka mgongoni inapofungwa mpaka nyayoni mita 1.5 hivi, jumla mita 4 na ushee kabla hujadakwa vizuri, na ghorofa zetu nyingi slebu kwa slebu, yaani sakafu ya zege hadi inayofuata, ni mita 3 tu! Mtu kavaa kila kitu na bado anapiga sakafu ya chini.

Ila hiyo ya "nitakimbia" siikubali hata kidogo. Mtu anaweza kuanguka jengo likiwa limesimama wima, nyundo imepitiliza ikamvuta, au kakanyaga plaiwudi iliyofunika tundu bila kupigiliwa. Unakimbilia wapi hapo?

Uingereza kwenye kanuni zao za 2005 wameweka mtiririko naoukubali, kwanza usimpandishe mtu kama kazi inafanyika bila yeye kupanda, ikishindikana zuia asianguke, kumdaka akianguka ni baadaye kabisa. Kwenye kubomoa maana yake eksikaveta ya mkono mrefu ikipata nafasi ifanye, pasipo na nafasi ukuta wa nje uachwe uwe kizuizi mpaka mwisho wa ghorofa hiyo, matundu yafunikwe yapigiliwe, na kamba iwe fupi kiasi kwamba ukingo hufiki. Na kila asubuhi injinia aonyeshe leo tunafunga wapi, manake pa jana huenda hapapo tena.

Kontrakta atasema Kariakoo viwanja vimebanana, hiyo mashine inaingilia wapi? Kweli kabisa, na kubomoa kwa mkono kunaokoa nondo, mbao na madirisha ya kuuza, vibarua wengi wanakula hapo. Lakini hiyo ndo sababu ya kupanga zaidi, pamoja na namna ya kumshusha anayening'inia, kwasababu mikanda inabana mapaja damu hairudi vizuri, anaweza kuzimia wakati mnasubiri zimamoto watoke kwenye foleni.

Kinachobaki ni hela. Sheria yetu Tanzania ya usalama na afya kazini ya 2003 inambebesha mwajiri jukumu, sawa, ila mwenye jengo ndo anachagua bei, na akichukua ya chini bila kuuliza jukwaa la kusimamia na wavu wa kudakia vimo au havimo, kontrakta aliyeviweka ndo anakosa kazi. Viandikwe kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa inayojazwa bei, kama mstari wake, kila anayeomba kazi avitaje bei.